Pengo la Butihinda

Kundi la skauti la Bukirasazi lilikuwa na mila tatu ambazo wageni walizishangaa. Amri zote zilitolewa kwa Kiswahili, ijapokuwa watoto wa vilima vile walizaliwa na Kirundi mdomoni. Skauti mpya, siku ya kuweka ahadi, alitembea peku kutoka kisimani hadi uwanja wa parokia. Na walipojipanga duara kuizunguka bendera, waliacha pengo la mtu mmoja upande wa mashariki. Hapo hasimami mtu, hata mvua ikinyesha, hata wengine wakibanana mabega.

Aliyezileta mila hizo ni Venansi, mwalimu wa darasa la sita, mtu mrefu wa miaka thelathini na minne. Alikulia kambini ng'ambo ya mpaka, upande wa Ngara, akarudi Burundi na wazazi wake akiwa na miaka kumi na sita. Walifikia Butihinda, mkoani Muyinga. Kundi la kwanza lilizaliwa kambini, na yeye alikuwa mmoja wa wale kumi na wawili wa mwanzo. Baadaye alikuja Gitega kusomea ualimu, akapangiwa kazi Bukirasazi, akaanzisha kundi jingine hapo. Wazazi walimpenda. Watoto walimwita shefu, jina la kiongozi wa skauti, hata akiwa ameshika chaki.

Kila mwaka, siku moja kabla ya ahadi, aliwakusanya nyuma ya jiko la parokia wakimenya viazi vitamu, akawasimulia kundi lilikotoka. Aliwaambia jinsi watoto kumi na wawili walivyoanza bila sare wala filimbi. Jinsi fundi cherehani mmoja, Mama Adventina, aliyekuwa kiongozi wao, alivyozunguka nyumba kumi na mbili akiomba kipande cha kitambaa kila mlango, akashona bendera. Jinsi bendera ile ilivyovuka mpaka ndani ya lori, imekunjwa kifuani mwa yule mama. Kisha aliteremsha sauti. Alisema kwamba Butihinda, siku mbili kabla ya ahadi ya kwanza kwenye ardhi ya nyumbani, mmoja wa wale kumi na wawili aliiba bendera, akaichana, akaificha kwenye nyasi za paa la kwao. Ilipopatikana, alivuliwa skafu mbele ya wote.

"Pengo lile ni lake," alikuwa akimalizia. "Tunaliacha wazi ili kila mmoja wenu ajue kwamba mtu anaweza kutoka kwenye duara. Na jina lake halitajwi."

Aliisimulia vizuri, na kila mwaka iliongezeka kidogo. Mwaka wa kwanza bendera iliibiwa tu. Mwaka wa tatu ilichanwa kwa wembe. Mwaka wa sita yule mwizi alicheka wakati anavuliwa skafu. Venansi hakukumbuka aliongeza lini kile kicheko. Kilikuja tu katikati ya maneno, watoto wakashusha pumzi kwa hasira, naye akakiacha pale.

Mwaka huo wa kumi na mmoja, kati ya waliokuwa wakimenya viazi alikuwemo Jovina, msichana wa miaka kumi na miwili aliyekuja mwanzo wa mwaka wa shule kukaa kwa mama yake mdogo. Kiswahili chake kilikuwa safi, cha watu waliolelewa Tanzania, na kwa sababu hiyo Venansi alipenda kumpa kazi ya kuwafundisha wenzake amri. Hakuwahi kuuliza ni mtoto wa nani. Katika nchi ambamo kila mtoto hupewa jina lake peke yake, jina halimtaji baba.

Hadithi ilipokwisha wenzake walikimbilia mpira. Jovina alibaki, akawa anakusanya maganda na kuyatia kwenye beseni.

"Shefu," alisema, "mtoto wa mwizi anaruhusiwa kuweka ahadi?"

Venansi alitabasamu. Alidhani ni maswali ya watoto, yale ya kupima sheria ina urefu gani. Akamuuliza sababu ya kuuliza.

"Yule wa bendera ni baba yangu. Anaitwa Urbano. Sikujua kama huku hatajwi." Alilisema bila machozi, kama mtoto anavyomtajia muuguzi kilima anachotoka. Kisha akaongeza, "Ila kwetu Butihinda wanasema aliichana tu. Hawasemi alicheka."

Venansi alijisikia amesimama uchi. Alimjibu kwamba anaruhusiwa, kwamba kosa la baba si la mtoto, maneno mazuri ya mwalimu, na kila neno lilipotoka alilisikia linanuka. Msichana alishukuru, akainua beseni na kwenda zake.

Jioni ile alituma ujumbe kwa wazazi kwamba ahadi imeahirishwa wiki mbili kwa kuwa padri ana safari. Padri hakuwa na safari yoyote. Jumapili aliongoza misa kama kawaida, na watoto walimwona, na Jovina aliyekaa benchi la tatu aligeuka mara moja akamtazama Venansi, kisha akarudisha macho mbele. Ulikuwa uongo mdogo, usio na maana yoyote, lakini ndio uliomkosesha usingizi. Alitambua kwamba mkono wake umeshazoea. Haukusubiri hata kuulizwa.

Ukweli ulikuwa hivi.

Urbano na Venansi walikuwa marafiki. Kambini walikaa dawati moja, na waliporudi Burundi familia zao zilipanda lori moja. Wiki ile ya ahadi ya kwanza, Urbano ndiye aliyekuwa mtunza bendera, na Venansi msaidizi wake. Bendera ilikaa kwa kina Urbano, ndani ya mfuko uliotundikwa kwenye msumari. Mchana mmoja Venansi alifika akakuta nyumba tupu, Urbano kaenda kuteka maji. Akautazama ule mfuko. Kulikuwa na msichana aliyeuza ndizi mbivu kwenye soko dogo njia ya Kobero, na Venansi alitaka msichana yule amwone akipita juu ya baiskeli ya mjomba wake, bendera ikipepea nyuma kama msafara wa mkubwa fulani. Saa moja tu, kisha angeirudisha.

Aliifunga kwenye fimbo nyuma ya kiti. Kwenye mteremko upepo uliigeuza, gurudumu likaidaka, mnyororo ukaimeza. Alianguka akachubuka kiwiko. Alipofanikiwa kuinasua, ilikuwa imechanika kutoka ukingoni hadi katikati, imepakaa grisi nyeusi. Hakuna aliyemwona. Hata yule msichana hakumwona. Siku ile hakuwa amekuja sokoni.

Aliifua kijitoni kwa majivu hadi vidole vikamuuma. Grisi haikutoka. Akarudi kwa kina Urbano akiwa ameazimia kusema, na bado aliamini, hata baada ya miaka yote hiyo, kwamba aliazimia kweli. Lakini alipokaribia uzio alimsikia Urbano uani akimuuliza mama yake, kwa sauti iliyoanza kutetemeka, kama kuna mtu aliyeshika mfuko. Venansi alizunguka nyuma ya nyumba, akaisukuma bendera ndani ya nyasi za paa, akaondoka.

Kesho yake waliipata. Mama Adventina alimuuliza Urbano mara tatu mbele ya wenzake. Urbano alimtazama Venansi, akatazama chini, akasema hajui iliingiaje huko. Mama Adventina alikuwa akilia. Alisema hawezi kumvua skafu mwenyewe, kwa hiyo msaidizi wa mtunza bendera ndiye amvue.

Venansi alimvua. Fundo lilikuwa limekaza, vidole vyake vilivyochubuliwa na majivu havikulimudu, ikabidi alifungue kwa meno. Shavu lake liligusa shingo ya rafiki yake. Shingo ilikuwa ya moto, na Urbano hakusogea hata kidogo.

Hakucheka. Hakuna aliyecheka siku ile.

Wiki ya kwanza baada ya swali la Jovina, Venansi alimweleza mke wake. Anisia alikuwa amekaa kwenye mkeka uani akipukuchua maharage. Alisikiliza bila kusimamisha mikono. Venansi alimaliza, akangoja, na kwa kweli alichongoja ni kuambiwa kwamba alikuwa mtoto, kwamba miaka imepita. Anisia alipepeta ungo mara mbili, makapi yakaruka.

"Umeniambia mimi," alisema. "Lakini mimi si niliyevuliwa skafu."

Usiku wakati wa kula alimpakulia kama siku zote, na hilo lilimuumiza Venansi kuliko kama angemnyima.

Jumatano aliomba ruhusa shuleni. Alipita Gitega mjini, akapita Karuzi, akafika Muyinga baada ya saa sita mchana, na kutoka hapo pikipiki ilimfikisha Butihinda jua likiwa bado kali. Miaka tisa hakuwa amekanyaga huko. Wazazi wake walikuwa wamehamia kwa dada yake, na sababu ya kuja hakuwa nayo. Ndivyo alivyokuwa akijiambia.

Nyumba ya Mama Adventina ilikuwa ile ile, ila sasa ilikuwa na bati. Cherehani ilikuwa barazani. Mama mwenyewe alikuwa amekonda, amevaa miwani iliyofungwa kwa uzi, na alimtambua kabla hajafika mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Venansi. Umekuwa mkubwa. Keti."

Alipewa maji. Mama alifurahi, akaanza kumpa habari za kundi: kwamba bado lipo, kwamba sasa lina watoto arobaini, kwamba wale wa mwanzo wengine wameoa na wengine wamevuka tena mpaka. Alisema anasikia sifa za tawi la Bukirasazi na huwa anamshukuru Mungu. Venansi alikiweka kikombe chini. Alijua kwamba akiacha mama aendelee kumsifu hata dakika moja zaidi, atanyamaza tena. Akasema yote kwa mkupuo, baiskeli, mnyororo, majivu, nyasi za paa.

Mama Adventina alikuwa ameshikilia kipande cha sare chini ya sindano. Mguu wake uliendelea kukanyaga cherehani, ukashona mstari mrefu ambao haukutakiwa, hadi kitambaa kikaisha. Kisha akavua miwani.

"Nilikuchagua wewe," alisema. "Umvue wewe. Nilidhani mkono wa rafiki utamwuma kidogo kuliko wangu."

Aliukata uzi kwa mkasi. Alipozungumza tena, hakuwa akimlaumu Venansi bali nafsi yake. Alisema aliiona ile grisi. Alipoifua bendera kabla ya kuishona upya aliiona, akajiuliza grisi inatoka wapi katika nyumba isiyokuwa na baiskeli, na swali hilo akalikunja pamoja na kitambaa akaliweka, kwa kuwa mambo yalikuwa yameshakwisha na watoto wameshalia. Miaka kumi na saba alikuwa akilikwepa.

Venansi alimuuliza kuhusu pengo, kama bado wanaliacha. Mama alimtazama kana kwamba hakuelewa.

"Tunaliacha, ndiyo. Niliwaambia siku ile ile wamwekee mwenzao nafasi, akirudi asikute duara limefungwa. Kila mwaka namtumia mtu kumwita. Haji. Kwani ninyi huko mnaliacha kwa nini?"

Venansi alikuwa ameichukua nafasi ya mtu anayesubiriwa akaigeuza mahali pa kutemea mate, akawafundisha watoto wa watu miaka kumi na mmoja. Mama Adventina aliusoma uso wake na hakurudia swali. Alimwelekeza tu aliko Urbano: bondeni, kwenye tanuri la matofali, ukishapita mashamba ya mihogo.

Urbano alikuwa peke yake, akipanga matofali mabichi kwa mistari ili yakauke. Alikuwa mpana wa mabega, nywele zimeanza kuingia mvi mapema. Alimwona Venansi akishuka, akaendelea kupanga mpaka mstari ukaisha, ndipo akanawa mikono kwenye ndoo. Walipeana mikono. Urbano alimuuliza habari za safari, habari za Gitega, kama mtoto wake Jovina hasumbui. Venansi alisema hasumbui, ni mtoto mwenye akili. Kisha ikawa zamu yake.

"Urbano, ile bendera..."

"Najua."

"Nilikuwa na baiskeli ya mjomba—"

"Najua, Venansi. Kilima kizima baiskeli ilikuwa moja. Na siku ile kiwiko chako kilikuwa kimechubuka."

Alilisema kwa utulivu, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa. Venansi aliuliza, kwa sauti ambayo hakuitambua kuwa yake, kwa nini basi hakusema.

Urbano aliketi juu ya rundo la matofali. Alieleza taratibu. Familia yao ilirudi ikakuta shamba lao linalimwa na watu wengine. Walikuwa wakilala kwenye nyumba ya kuazima, wakingoja wapewe shamba jingine. Na mjomba wake Venansi alikuwa kwenye kamati ya wazee waliogawa mashamba kwa waliorudi. Hakuwa mtu mbaya, Urbano alisema, pengine wala asingejali. Lakini baba yake Urbano aliogopa. Usiku ule bendera ilipopotea, Urbano alimweleza baba yake anachokishuku, na baba yake akamwambia achague, skafu au shamba.

"Nikachagua shamba," alisema Urbano. "Mwezi uliofuata tulipata. Ndilo lile pale, lenye migomba. Baba yangu amezikwa humo." Alikwangua udongo kwenye kucha. "Kwa hiyo usifikiri nilikuwa mtakatifu. Nilinyamaza nikalipwa. Na mimi nilikuonea haya wewe, ujue, kwa miaka. Ningekuona njiani ningejificha."

Venansi alitaka kupiga magoti. Alianza kuinama, na Urbano akamshika kiwiko, si kwa upole, akamsimamisha. Alimwambia kwamba wafanyakazi wake wanarudi muda si mrefu, asimletee maneno. Venansi akasema yuko tayari kusema mbele ya Butihinda nzima, Jumapili, baada ya misa.

"Hapana. Huku wameshazoea. Wengine wamenisamehe kosa ambalo sikulifanya, na nimekula harusini kwao. Ukiwaambia leo, wataanza upya kunitazama." Alifikiri kidogo. "Mtoto aliniambia kwa simu. Alisema huko kwenu mimi nilicheka. Aliniuliza, baba, ulicheka kweli?"

Venansi alitazama mistari ya matofali.

"Nenda ukawaambie wale uliowaambia," alisema Urbano. "Na usilie. Ukilia watakuonea huruma wewe."

Walisikia sauti za watu wakishuka bondeni. Urbano aliokota kibao chake cha matofali. Hawakuagana kwa mkono mara ya pili.

Jumamosi iliyopangwa kwa ahadi, uwanja wa parokia ulijaa kuliko kawaida. Wazazi walileta vigoda, akina mama wamevaa vitenge vya sikukuu. Mbele kabisa aliketi Bashizi, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Kivu ya Kusini, ambaye aliingia Bukirasazi miaka mingi iliyopita na mizigo miwili na sasa alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Watoto walikuwa wamejipanga duara, na Jovina alikuwa kati ya wapya saba, miguu yao imejaa vumbi la njia ya kisimani. Yakobo, msaidizi wa Venansi, alishika bendera akingoja amri.

Venansi hakutoa amri. Aliingia katikati, akasema hadithi aliyokuwa akiwasimulia ni ya uongo na sasa atasema ya kweli. Alianza na jina. Alisema aliyekuwa mtunza bendera aliitwa Urbano, na kwamba hakuiba kitu. Aliyeichukua ni yeye, Venansi, ili msichana wa sokoni amwone. Aliyeificha ni yeye. Aliyemvua Urbano skafu ni yeye, na Urbano hakucheka. Kicheko alikitunga mwenyewe, hapa hapa Bukirasazi, kwa kuwa hadithi ilinoga nacho. Alisema pia kwamba padri hakuwa na safari. Hapo sauti yake ilianza kukatika, akasimama, akatazama ukuta wa parokia. Hakulia. Ilikuwa kazi ngumu kuliko alivyodhani, kwa sababu machozi yalikuwa pale pale, tayari kumsaidia. Akamaliza kwa kueleza pengo lilivyoanza, na kwamba tangu siku ya kwanza lilikuwa la mtu anayengojwa.

Kuku walikuwa wakipekua nyuma ya jiko. Kisha mvulana mmoja wa kikosi cha pili, ambaye Venansi alimfundisha kusoma, aliinua mkono kama darasani.

"Shefu, na zile nyingine? Ile ya mama kuomba vitambaa nyumba kumi na mbili, na ile ya lori?"

"Hizo ni kweli."

Mvulana aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, na Venansi akaona wazi kwamba hakumwamini. Hakuna kitu alichoambiwa siku ile, wala baadaye, kilichomkata kama ile adabu.

Alipeleka mkono shingoni alifungue fundo la skafu yake. Alidhani ndivyo inavyopasa. Bashizi aliinuka kwenye kigoda.

"Shefu, wachana na iyo fulari," alisema. "Utaitoa kwako, ku nyumba. Ya leo watoto wamesha kuona, inatosha."

Mkono ukarudi chini. Venansi alielewa kwamba hata katika kujidhalilisha alikuwa bado anatafuta watu wamtazame, na Bashizi, mtu wa soko, aliliona hilo kabla yake. Mwenyekiti aliwaomba wazazi na watoto radhi kwa siku iliyoharibika, akasema kamati itakutana. Venansi alipopita ukingoni mwa uwanja kuondoka, alipita karibu na Jovina. Msichana hakumtazama. Alikuwa amechuchumaa, anavaa viatu vyake polepole.

Kamati ilikutana mara mbili. Walimshukuru kwa kazi ya miaka kumi na mmoja, kwa barua fupi yenye muhuri, na kundi wakamkabidhi Yakobo. Skafu aliifua, akaipiga pasi, akaipeleka kwa Yakobo ndani ya bahasha, mchana, watu wakiona. Jovina aliweka ahadi yake likizo ya Pasaka, Butihinda, kwa Mama Adventina. Venansi alizisikia habari hizo dukani kwa Bashizi wakati ananunua sabuni, kutoka kwa mama yake mdogo Jovina, ambaye alikuwa akimwambia mtu mwingine. Kuhusu lile pengo, watoto wa Bukirasazi walilijadili na Yakobo wakaamua la kuamua. Hakuuliza waliamua nini. Jumamosi asubuhi, filimbi ilipolia parokiani, alishika jembe akaenda shambani kwake bondeni, ambako haikusikika sana.

Aliendelea kufundisha. Darasani watoto walimtii kama zamani, lakini alipowasimulia jambo lolote la historia, la wafalme au la mipaka, aliona macho mawili matatu yakishuka kwenye kitabu kuhakikisha. Hakuwakataza. Nyumbani Anisia alianza kumuuliza mambo ya kambini ambayo hakuwahi kumuuliza kabla, na yeye alijibu, na palipokuwa na jambo asilolikumbuka alisema halikumbuki.

Mwisho wa mwaka wa shule, Urbano alikuja Bukirasazi kumchukua binti yake. Venansi alikutana nao barabarani, karibu na soko, hakuna pa kukwepea. Urbano alikuwa na shemeji yake, mwanamume wa Muyinga aliyekuja naye kubeba sanduku la mtoto. Walisimama. Walisalimiana. Jovina alisema, "Amahoro, mwalimu." Neno shefu hakulisema.

Yule shemeji aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akamuuliza Urbano kama wanafahamiana.

Venansi alingoja. Alikuwa tayari kwa neno lolote, na alijua kwamba Urbano ana haki ya kulichagua.

"Huyu tulisoma naye kambini," alisema Urbano. "Dawati moja."

Akamshika binti yake bega, wakaendelea na safari yao kuelekea stendi. Venansi alibaki ukingoni mwa barabara, uso umemwaka moto, hadi mwanamke mmoja mwenye kikapu cha nyanya akamwomba apishe.